Kuwamba vitambaa vya kroshe: mwongozo kamili, kuanzia kukifua mpaka kukitia wanga

Umemaliza kitambaa. Umekata uzi, umezificha zile ncha, umekitandika mezani ukitegemea kitulie kama kile cha kwenye picha, na chenyewe kimejikunja pembeni, katikati kimevimba kama chapati iliyopata hewa, petali tatu zinaangalia juu na ya nne imelala. Hapo wengi wanajiona hawajui kufuma. Unajua vizuri tu, ila kazi hujaimaliza.

Mi nililijua hili kwa shangazi yangu Tanga, likizo, bado niko shule. Nikampelekea kitambaa changu cha kwanza cha duara, najisifu, nikamwambia shangazi nimemaliza. Akakigeuza geuza, akasema "hiki bado kibichi". Nikamwambia kimeisha shangazi, ona hata uzi nimekata. "Kimeisha kufumwa mwanangu, kuiva bado." Akakichovya kwenye beseni, akakikamua ndani ya taulo, akatandika shuka jeupe juu ya godoro akaanza kukivuta na kukichoma kwa miiba mikavu ya mlimau, mmoja kwenye kila ncha ya petali, taratibu kama mtu anayechambua dagaa. Jioni alipoichomoa sikuamini kama ni kile kile. Na miiba siyo kwamba alikosa pini, alikuwa na kopo zima, ila pini zake zilikuwa na kutu na kutu kwenye uzi mweupe haitoki mpaka unazeeka nayo.

Wenzetu mtandaoni hii kazi wanaiita kubloki. Niliwahi kumwambia mteja "kitambaa chako nimekibloki tangu jana" akaniuliza kimekukosea nini. Kwahiyo mi nasema kuwamba, maana ndiyo kitu chenyewe, unakivuta kikiwa na maji na kukishikilia hivyo hivyo mpaka kikauke, kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma. Uzi ukilowa unalegea na vile vifundo vinasogea kidogo kidogo kutafuta pa kukaa, ukikauka vinabaki pale ulipoviweka. Hamna uchawi mwingine.

Kwanza jua uzi wako ni wa nini

Hapa ndipo watu wanapoharibu kazi ya mwezi mzima kwa dakika moja, so nisikilize. Njia inategemea uzi, haitegemei mtindo uliofuma. Madukani kwetu utakutana na aina nne zaidi: pamba (ule uzi mwembamba wa vitambaa vya makochi na meza), akriliki (ule mnene mwepesi wa masweta, mablanketi ya watoto na kofia), naironi na poliesta (unang'aa na unateleza kwenye kulabu), na sufu halisi ya kondoo ambayo kwetu ni adimu ila wapo wanaoletewa na ndugu kutoka nje.

Kama lebo umetupa au umenunua uzi wa kupima usiokuwa na lebo, choma. Kata kama sentimita 10, shika na kibanio siyo vidole, chomea juu ya sinki au beseni lenye maji. Pamba inaungua haraka, inanuka karatasi iliyoungua na inaacha jivu laini la kijivu. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inapenda kuzimika yenyewe, na mabaki yake yanasagika ukiyaminya. Akriliki, naironi na poliesta zinayeyuka, zinajikunja na kuacha kidonge kigumu kama shanga, na usikiguse mapema kinaunguza vibaya. Ukiona imeyeyuka halafu na jivu lipo, ni mchanganyiko, ichukulie kama akriliki tu ili uwe salama.

Pamba: inawambwa kwa maji, inakubali wanga, inakubali na pasi. Sufu: maji ya baridi, hakuna kusugua, hakuna wanga. Akriliki: maji peke yake haiisikii sana, ukiivua pini inarudi ilipotoka, inataka mvuke, na mvuke wa mbali. Naironi na poliesta ni kama akriliki ila zina kiburi zaidi, usitegemee maajabu.

Vifaa, na vingi unavyo ndani

Unahitaji mahali pa kuchomea pini ambapo hapaogopi maji. Godoro linafaa, ila lifunike kwanza na nailoni. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 huku Tanzania na Kenya walitutangulia 2017, kwahiyo usiitafute, chukua lile nailoni kubwa linalofunika godoro jipya, mi nimelikata vipande vinne natumia mwaka wa tatu sasa. Kizuri zaidi ni ile mikeka ya sponji ya watoto ya kuungaungana, unaiunga kadri ya ukubwa wa kazi. Angalia tu zile za bei ya chini zenye rangi kali, ifute kwanza na kitambaa cheupe chenye maji uone kama inatoa rangi. Usipopata kabisa, kata boksi nene mbili, zigandishe, zifunge nailoni.

Pini zisizoshika kutu. Hapa usibane matumizi. Muuzaji akikuapia kuwa hazishiki, chukua mbili zitumbukize kwenye glasi ya maji yenye chumvi uziache usiku kucha, asubuhi utajua. Kitambaa cha duara cha petali 16 kinaweza kula pini 32 bila wasiwasi, kwahiyo nunua za kutosha, kuishiwa pini katikati ya kazi ni mateso.

Kwa vitu vyenye pembe ndefu zilizonyooka kama skafu na vitambaa vya mikono ya makochi, ukitumia pini tupu unapata meno meno kama msumeno. Dawa yake tafuta spoki za baiskeli kwa fundi, zisafishe vizuri mafuta, zipitishe kwenye matundu ya ukingo kama unavyotunga mishikaki, halafu pini unaziegemeza kwenye spoki. Zikianza kutoka kutu tupa.

Vingine ni futi ya fundi cherehani, taulo mbili kubwa, chupa ya kupulizia, penseli, karatasi kubwa, na shuka jeupe kuukuu. Nasisitiza jeupe. Usitandike kanga chini ya kitambaa kilicholowa, kanga mpya inatoa rangi kama imelipwa, na utabaki na maneno ya kanga yamejichapa kwenye kitambaa cha bibi harusi.

Kukifua

Pima kwanza. Kabla hakijagusa maji andika urefu na upana, na andika unataka kiwe ngapi. Kama ni seti ya makochi pima vyote maana vile vidogo sita havijawahi kutoka sawa hata siku moja, mkono wa asubuhi siyo mkono wa usiku umechoka. Chagua kipimo kimoja cha katikati ndiyo uviwambe vyote kwa hicho.

Kama umechanganya rangi, lowesha pamba nyeupe uibandike kwenye ile rangi kali, hasa nyekundu, bluu iliyokoza na zambarau, minya kama dakika moja. Ikitoka na rangi, usikiloweke. Na ile habari ya kutia siki au chumvi eti inakamata rangi isichuje, kwenye uzi wa pamba uliokwishatiwa rangi kiwandani haikamati kitu, nimejaribu na nikaipata nyeupe yangu ikiwa pinki. Kitambaa cha namna hiyo ni maji baridi ya haraka, taulo mara moja, na kukausha kwa feni, au usikichovye kabisa, kiwambe kikavu halafu ukipulizie maji kidogo kidogo.

Kama rangi imetulia, jaza beseni maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo au shampuu ya kawaida, kizamishe na kukibonyeza bonyeza kwa viganja. Usisugue. Cheupe kimechafuka na mikono wakati wa kufuma (na kinachafuka, hasa huku pwani kwa jasho) kiache dakika 20 mpaka 30 kwenye maji ya sabuni. Dawa ya kung'arishia nguo usitie, inakula uzi, na kwenye sufu na naironi inaleta umanjano usiotoka. Suuza mpaka maji yatulie bila povu. Kama kwenu mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, lile suuzo la mwisho tafuta maji ya bomba au ya mvua hata lita tatu, maana chumvi inabaki kwenye uzi, kitambaa kinakauka kikakakamaa vibaya na weupe wake unakuwa wa vumbi.

Kukitoa majini ndipo penye kazi. Usikinyanyue kwa ncha moja kikaning'inia, pamba ikilowa ni nzito na uzito wake wenyewe unairefusha, utatoka na kitambaa cha meza chenye umbo la tai. Weka viganja viwili chini ukinyanyue kama mtoto mchanga, au kimwagie kwenye chujio kubwa. Usikisokote. Kilaze kwenye taulo, likunje taulo pamoja nacho kama mkeka, halafu lipande juu na miguu, tembea taratibu. Badilisha taulo, rudia. Kinatakiwa kibaki kibichi lakini kisichodondosha maji.

Kuwamba kitambaa cha duara

Naanza na duara maana ndiyo inayosumbua na ndiyo iliyojaa majumbani, kwenye meza, juu ya friji, mpaka kwenye redio ambayo haijawaka tangu mzee astaafu.

Chora ramani. Chukua karatasi kubwa, au ubandike mbili, weka alama katikati, funga uzi kwenye penseli uchore duara la ukubwa unaoutaka, na ndani yake maduara mengine mawili matatu kufuatana na safu za mtindo wako. Halafu ligawe kama keki. Hesabu ni rahisi, 360 gawanya kwa idadi ya petali: petali 8 kila moja nyuzi 45, petali 12 nyuzi 30, petali 16 nyuzi 22 na nusu. Huna protrakta, mtoto wa shule yeyote hapo nyumbani anayo kwenye mkebe wake. Tumia penseli, kalamu ya wino itachujia kwenye kitambaa hata kama utafunika, nakwambia hivi kwasababu nina kitambaa chenye mstari wa bluu katikati ambacho kimebaki kuwa cha jikoni. Juu ya karatasi tandika nailoni inayoonyesha.

Weka kitambaa uso ukiangalia juu, choma pini ya kwanza katikati kabisa kwenye kile kiduara cha mwanzo. Sasa choma ncha ya juu, halafu ya chini inayotazamana nayo, halafu ya kulia, halafu ya kushoto. Msalaba. Baada ya hapo zile za katikati ya msalaba, kila mara ukichoma upande mmoja unavuka kwenda wa pili unaotazamana nao. Usianze sehemu moja ukazunguka mpaka ukarudi ulipoanza, kosa hilo karibu kila mtu analifanya. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kwenye kitambaa ndivyo inavyokuwa kweli, mkono unavuta upande ulioukalia, unamaliza duara limekuwa yai na limekuelekea wewe. Mi huwa nainuka nazunguka meza, au nazungusha mkeka.

Pini zilaze mshazari, kichwa kikiangalia nje, kwasababu kitambaa kikikauka kinavuta kurudi ndani na pini iliyosimama wima itang'oka au kuinama. Vuta mpaka mashimo ya mtindo yafunguke yaonekane vizuri, halafu acha. Ukiona uzi umekaza kama waya wa gitaa na vifundo vimepotea umezidisha. Kwenye kitambaa cha sentimita 30 mi huwa napata ongezeko la sentimita 1 au 2, kwenye mitindo ya wazi wazi kama nanasi hata 3. Ukitaka kukitoa 30 kwenda 40 hiyo siyo kuwamba tena, ongeza safu.

Ukimaliza ncha kubwa, rudi kwenye vitu vidogo, hapa ndipo urembo ulipo. Vile vinundu vya ukingoni kila kimoja kinaitaka pini yake, matao madogo yavute kwa ncha ya kulabu yakae mviringo, nanasi zako zinyooshe zielekee katikati zote. Inachosha mgongo. Kitambaa cha sentimita 40 kinanichukua dakika 40 hivi, na redio nawasha. Ukiona kimeanza kukauka kabla hujamaliza, kipulizie maji.

Kiache. Kiangazi na feni, masaa 5 au 6. Masika siku nzima na usiku wake, na wakati mwingine asubuhi unakuta bado kina ubaridi ubaridi. Usikivue kikiwa hivyo. Weka mgongo wa kiganja katikati ambapo uzi umerundikana, ukihisi ubaridi bado kina maji. Jua kali linafaa kwa cheupe, cha rangi kaushia kivulini.

Wanga

Kuna watu wanasema wanga umepitwa na wakati. Kwa sweta sawa. Kwa kitambaa cha kochi ambacho wageni wanakikalia na watoto wanakivuta, bila wanga ndani ya siku mbili kimekuwa kamba.

Chukua kornflawa au unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili, vijiko 2 vya chakula, koroga kwenye nusu kikombe cha maji baridi mpaka mabuje yaishe. Chemsha maji vikombe 2, yakichemka mimina ule mchanganyiko huku unakoroga bila kuacha, moto mdogo, dakika mbili tatu mpaka ule weupe wa maziwa upotee uwe kama uji mwembamba unaoonyesha. Chuja na chujio la chai. Hapana, usiruke hapa, mabuje yakikaukia kwenye uzi yanaonekana kama makamasi na hayatoki mpaka ufue upya. Uache upoe mpaka uvumilie mkono. Kitumbukize kitambaa kilichofuliwa na bado kibichi, kibonyeze bonyeza wanga uingie, kitoe, kiminye kwa viganja uondoe ziada, ndiyo uende kukiwamba kama nilivyoeleza. Kabla hakijakauka pita na pamba iliyolowa kwenye yale mashimo, utakuta kuna utando wa wanga umeziba kama dirisha, utoboe. Ukitaka kigumu zaidi weka vijiko 3, kwa vibakuli na mapambo ya kusimama 4. Unga wa ngano nao unafanya kazi ila unaacha umanjano kidogo, mi naupeleka kwenye uzi wa krimu tu.

Wengine wanatumia sukari, kiasi sawa na maji, unachemsha mpaka iyeyuke na unaipua kabla haijabadilika rangi. Inakakamaza kweli na inang'aa. Ila huku pwani jamani! Nilitengeneza vibakuli vitano vya mapambo vya sukari, vilikauka vizuri wakati wa kiangazi, ilipoingia mvua vikaanza kunata na kuinama vyenyewe mezani, na siku ya tatu sisimizi walikuwa na barabara kutoka dirishani mpaka ndani ya bakuli. Ukiwa Arusha au Nairobi pengine utavumiliana nayo. Kwa kitu cha kusimama cha kudumu bora gundi nyeupe ya shule, kipimo 1 cha gundi kwa maji 2, ukijua tu kwamba hapo hurudi nyuma, kitu cha gundi hakitakuwa laini tena. Bakuli lenyewe unalipata kwa kuvisha kitambaa juu ya bakuli la jikoni lililofungwa nailoni, ukafunga na mpira, na ukingo ukaupangia pini.

Kama mtu ana pasi na haraka, kitambaa cha pamba kilichotiwa wanga kinaweza kupigwa pasi kikiwa nusu kikavu. Kigeuze uso chini juu ya taulo nene, kwasababu ile bobo (vile vidonge vya uzi vilivyovimba) na maua yaliyoinuka ukiyapiga kutoka juu yanabonyea kama mkate uliokaliwa, taulo linayapa pa kuzama.

Akriliki: mvuke, na mkono mwepesi

Sasa hii ndiyo imeniuma. Sweta la mtoto, akriliki ya njano, wiki tatu nafuma, oda ya arobaini. Nikaona mikono imejikunja, nikasema nigusishe pasi kidogo tu. Ile pasi ilipotua nikasikia kama uzi umelegea chini ya mkono, nikainyanyua, sehemu ile ikawa bapa, inang'aa, laini laini kama kitambaa cha utelezi, na imepanuka. Nikafua, nikakausha, iko vile vile. Wenzetu wanasema uzi umeuawa na ni kweli umeuawa, akriliki ikipata joto la kugusana haifufuki. Nilifumua mkono mzima.

Njia yake ni hii. Kiwambe kikavu, kwa pini, kwa vipimo vyako. Pasi ya mvuke iweke juu ya hewa, sentimita 3 mpaka 5 kutoka kwenye uzi, isiguse, achia mvuke ukipita taratibu. Uzi utalegea kidogo na kutulia. Acha mkono wako upitie juu kusawazisha, halafu usiguse tena mpaka upoe kabisa na ukauke, maana akriliki inashika umbo wakati inapoa. Kama huna pasi ya mvuke, lowesha kitambaa cheupe cha pamba, kamua sana, kitandike juu na pasi ya kawaida uipitishe kwa juu bila kuegemeza. Pasi ya mkaa mi simshauri mtu, jivu moja likidondoka umekwisha. Sehemu za mpira mpira, kama ukosi na vifundo vya mikono, usizipulizie mvuke, zitalegea na hazitabana tena. Na mikeka ile ya sponji nayo inaogopa joto, tandika taulo juu yake.

Jaribu kwanza kwenye sampuli. Fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa uzi huo huo, kipige mvuke, ukikiharibu umepoteza dakika 15.

Vipande vya mraba, kofia na vitu vya kuvaa

Vipande vya mraba vya blanketi viwambe kabla ya kuviunga, hii haina mjadala, ukiunga vikiwa na vipimo tofauti blanketi lote linavutana. Badala ya kuchoma pini kwenye vipande 60, mwambie seremala akutobolee ubao matundu manne ya pembe, pima kwa mfano sentimita 12 kutoka tundu mpaka tundu, simamisha vijiti vya mishikaki vya mwanzi, vivishe vipande kimoja juu ya kingine, sita mpaka nane kwa mara moja. Vipulizie maji (au mvuke kama ni akriliki), viache. Ubao uupige msasa kwanza, vibanzi vinanasa uzi.

Kofia ifue halafu ikaushie juu ya kitu cha mviringo chenye mzunguko wa kichwa chenyewe, bakuli, sufuria ndogo au puto. Kichwa cha mtu mzima mara nyingi ni sentimita 54 mpaka 58, na bakuli lipimwe kwa futi siyo kwa macho.

Sweta na vitopu viwambe vipande vipande kabla ya kushona, mbele na nyuma pamoja, kimoja juu ya kingine, ili mabega yalingane. Midoli ya kufuma iliyojazwa pamba haihitaji haya yote, iache.

Kuwamba hakutibu kila kitu

Duara likiwa na mawimbi ukingoni kama sketi ya marinda, umeongeza vifundo vingi kwenye safu, utalivuta leo likae bapa, likifuliwa mawimbi yanarudi. Likiwa limekunjamana kama kikombe, umeongeza vichache au mkono wako unabana, hapo kuwamba kunasaidia kidogo lakini tazama na kulabu, panda namba moja. Nikiona tatizo liko safu tatu za mwisho nafumua. Likiwa katikati namuuliza mwenye kitambaa kama anaharaka.

Ukivua pini, vua zile za nje kwanza mbili mbili zinazotazamana, ya katikati mwisho. Kitambaa chenye wanga usikikunje, alama ya mkunjo inabaki, kiviringishe kwenye boksi refu la karatasi. Na kama unakiweka kabatini miezi, fua wanga wote utoke kwanza, mende na panya wanaupenda kuliko wewe unavyokipenda kitambaa. Idi ikikaribia au Krismasi unakitoa, unakitia wanga upya, unakiwamba, na ile ramani yako ya penseli kama uliihifadhi nyuma ya kabati utaikuta inakusubiri.